Ardhi ya Tongaren Ilivyopata Bei

Msomaji, katika sehemu nyingi za Kenya ukimwuliza mzee jinsi alivyolipata shamba lake, atakutajia babu yake. Atasema kwamba babu huyo alifyeka msitu, au alihama na ng'ombe wake kutoka mahali fulani, akajenga, akazaa, na mwisho akazikwa papo hapo. Lakini ukimwuliza swali hilo mzee wa Tongaren, si ajabu akakutajia nambari. Atakwambia nambari ya shamba lake katika skimu, mwaka alioonyeshwa mipaka, na kiasi cha deni aliloandikiwa. Babu yake yumo katika habari nyingine, tena pengine habari ya mahali pengine kabisa.

Tongaren iko mashariki ya barabara kuu iendayo kutoka Kitale hadi Webuye, katika Kaunti ya Bungoma, jirani na Trans Nzoia. Upande mmoja Mto Nzoia unapita ukielekea Ziwa Victoria; upande mwingine, siku isiyo na mawingu, Mlima Elgon unaonekana vizuri. Ardhi yake ni ya mahindi. Majina ya jirani zake, yaani Ndalu, Naitiri, Kabuyefwe, Soysambu na Mitua, wayajua ikiwa umepata kusafiri sehemu hizo. Nataka kukueleza jinsi nchi hii ilivyofika sokoni, kwa maana nyumba zinazouzwa na kununuliwa huko leo zimesimama juu ya mauzo ya kwanza, na mauzo hayo ya kwanza yalikuwa ya ajabu: mwenye kulipa alikuwa ni yule aliyekuwa amenyang'anywa.

Zamani nchi hii haikuwa na bei. Sisemi kwamba haikuwa na wenyewe. Wasabaot walichunga mifugo yao kati ya mlima na nyanda, Wabukusu walilima na kuchunga, na kila upande una masimulizi yake kuhusu nani alitangulia na nani alifukuzwa na nani. Masimulizi hayo hayapatani, na mimi sitajaribu kuyapatanisha hapa. La hakika ni kwamba hakuna hata mmoja katika wazee hao aliyepima ekari akaziuza kwa fedha. Mtu alipewa mahali pa kulima na ukoo wake, na akihama mahali palirudi kwa ukoo. Mwaka 1895 majeshi yaliyotumwa na Waingereza yaliwashinda Wabukusu kwa bunduki katika boma la Chetambe, karibu na mahali paitwapo Webuye leo. Tangu hapo amri juu ya ardhi ilitoka kwingine.

Amri yenyewe ilikuja kwa karatasi. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1902 ilimwezesha mgeni kukodishiwa ardhi kwa miaka 99. Walowezi walilalamika kwamba muda huo ni mfupi, hivyo sheria mpya ya mwaka 1915 ikawapa miaka 999. Fikiri kidogo juu ya hesabu hiyo, msomaji. Mtu aliyekodi shamba mwaka ule angelimaliza mkataba wake mwaka 2914. Sheria hiyo hiyo iliihesabu hata ardhi waliyokaa Waafrika kuwa ardhi ya Mfalme, kwa hiyo mwenyeji akawa, machoni pa sheria, mpangaji kwa hisani ya serikali katika nchi aliyozaliwa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Serikali ya Uingereza ilitaka kuwatuza askari wake. Mwaka 1919 mashamba ya nyanda za juu yaligawanywa kwa bahati nasibu, na kura zilipigwa Nairobi na London. Mashamba mengine, yale madogo, yalitolewa bure. Mengine yaliuzwa kwa malipo ya polepole ya miaka mingi. Trans Nzoia ilijazwa hasa na watu wa namna hiyo. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mahindi yakapata njia ya kwenda pwani. Walowezi walikuwa na chama chao cha kuuza mazao, KFA, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikuwa pia na benki ya ardhi iliyowekwa na serikali kwa ajili ya kuwakopesha. Nayataja haya kwa sababu baadaye utasikia watu wakisema kwamba mlowezi alifanikiwa kwa bidii peke yake. Bidii ilikuwapo, hilo silikatai. Lakini ilikuwapo pia reli, benki, bei iliyolindwa, na mikono ya watu wengine.

Mikono hiyo ilikuwa ya maskwota. Skwota alikuwa mtu aliyekaa na familia yake katika shamba la Mzungu, akalima kipande chake kidogo na kuchunga ng'ombe wake wachache, na badala ya kodi akatoa kazi. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka afanye kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka, na ile ya mwaka 1937 ikaruhusu siku zaidi na kupunguza mifugo yake. Alikuwa na nyumba, lakini hakuwa na makao. Alizaa watoto pale, akawazika wazazi pale, na siku mkataba ulipokatwa aliondoka na sufuria na mikeka. Watu waliokulia katika maisha hayo ndio wengi wao waliosimama foleni baadaye kununua mashamba, na huwezi kuelewa hamu yao ya kupata hati kama hujui kwamba waliwahi kuishi bila kitu cho chote cha kuwazuia wasifukuzwe asubuhi.

Manung'uniko yalikuwapo. Katika miaka ya 1940 Elijah Masinde na wafuasi wa Dini ya Msambwa walisema wazi kwamba Wazungu waondoke na ardhi irudi kwa wenyewe. Mwaka 1948 dini hiyo ilipigwa marufuku, na Masinde akawekwa kizuizini kwa miaka mingi. Watawala walimwona kuwa mwenda wazimu. Lakini tazama kilichofuata miaka kumi na miwili tu baadaye.

Mwaka 1960, katika mkutano wa Lancaster House mjini London, ilidhihirika kwamba Kenya itatawaliwa na Waafrika walio wengi. Habari hiyo ilipofika nyanda za juu, soko la ardhi lilianguka. Kila mlowezi alitaka kuuza na hakuna aliyetaka kununua. Mpaka wakati huo Mwafrika alizuiwa, kwa sheria na kwa desturi ya utawala, kununua shamba katika nchi iliyoitwa Nyanda za Juu za Wazungu. Soko lote lilikuwa la wauzaji na wanunuzi wa rangi moja. Soko la namna hiyo likikosa hofu hupanda vizuri. Likipata hofu, halina mtu wa kuliokoa. Katika mwaka 1960 huo huo kizuizi cha rangi kiliondolewa. Wengine watasema kiliondolewa kwa ajili ya haki. Mimi naona kwamba haja ya kupata wanunuzi ilisaidia sana kuifungua macho haki hiyo.

Sasa likazuka swali kubwa, na ningependa ulifikiri kabla ya kuendelea kusoma. Ardhi ilichukuliwa bila malipo. Je, irudishwe kwa malipo au bila malipo?

Viongozi wa Kenya hawakukubaliana. Wako waliosema kwamba kumlipa mtu kwa mali aliyoipata kwa nguvu ni kumtuza kwa kosa lake, na kwamba walionyang'anywa warudishiwe chao. Bildad Kaggia, aliyekuwa amefungwa pamoja na Jomo Kenyatta katika siku za Hali ya Hatari, alishikilia maoni ya namna hiyo, na mwaka 1964 akapoteza cheo chake serikalini kwa sababu ya kutetea wasio na ardhi. Upande wa Kenyatta ulisema kwamba nchi changa haiwezi kuanza maisha yake kwa kunyang'anya mali. Kwamba wenye fedha wa nje wangekimbia, mashamba yangeanguka, na ghala zingekuwa tupu. Tena haki ya kumiliki mali ilikuwa imekwisha kuandikwa katika mapatano ya katiba yaliyofanyika London, na Waingereza hawakuwa tayari kuondoka bila kuiona imeandikwa. Upande wa pili ulishinda. Ardhi ingenunuliwa.

Ndipo ulipoanza mpango uliojulikana kama Mpango wa Ekari Milioni. Ulianza mwaka 1962, na kabla ya kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa umenunua zaidi ya ekari milioni moja na kuzigawa kwa familia zipatazo 35,000. Fedha zilitoka kwa Serikali ya Uingereza hasa, pamoja na Benki ya Dunia, shirika la Uingereza la maendeleo ya makoloni, na Ujerumani Magharibi. Sehemu yake ilikuwa msaada na sehemu ilikuwa mkopo. Serikali ilinunua mashamba makubwa yaliyopakana, wapimaji wakayakatakata, na vipande vikapewa nambari. Kila eneo lililogawanywa hivyo liliitwa skimu. Tongaren ilikuwa mojawapo; ng'ambo ya Nzoia ilikuwapo Lumakanda.

Ukubwa wa kipande haukupangwa kwa kupima kamba tu. Wapangaji walianza na fedha. Walijiuliza: familia ikiisha kula na kulipa deni lake la mwaka, ibaki na pauni ngapi? Katika skimu za watu wengi jibu lilikuwa pauni 25, au 40, au 70, kadiri ya skimu; katika zile za watu wachache lilikuwa pauni 100 au zaidi. Kisha wakahesabu kurudi nyuma: udongo huu ukitoa magunia kadhaa, na ng'ombe wa gredi akitoa maziwa kadhaa, ekari ngapi zitaleta pauni hizo? Basi mwenye udongo mzuri alipata ekari chache, na mwenye udongo hafifu au mawe alipata nyingi. Jirani wawili wakitazamana juu ya mpaka, mmoja na eneo dogo na mwenziwe na eneo kubwa, huenda wote wawili walipewa kitu kimoja katika vitabu vya ofisi. Hesabu ilikuwa nzuri, ila ilidhani kwamba mvua itanyesha kila mwaka na ng'ombe hatakufa.

Watu walikuja kutoka pande nyingi. Wabukusu na Watachoni walitoka karibu. Wamaragoli walitoka Vihiga, ambako ardhi ilikuwa imebanana hata ndugu watatu wakagawana mahali pa shamba moja la baba. Wengine walikuwa vibarua na maskwota wa mashamba yale yale. Aliyepokewa alitia sahihi, au dole gumba, katika barua ya kukubali kipande. Na barua hiyo haikuwa hati ya kumiliki. Ilikuwa ahadi ya hati, nayo ahadi ilikuwa na masharti.

Sharti kubwa lilikuwa deni. Mikopo ya ardhi katika skimu hizo ililipwa kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia sita na nusu; mikopo ya maendeleo, yaani ya ng'ombe na ua na mbegu, ilitakiwa kulipwa mapema zaidi, kwa miaka kumi hivi. Tufanye hesabu pamoja, kwa mfano tu. Tuseme mtu aliandikiwa deni la ardhi la shilingi 3,000. Mwaka wa kwanza riba peke yake ni shilingi 195. Ili deni limalizike kwa miaka 30 kwa malipo yaliyo sawa, alipe shilingi zipatazo 230 kila mwaka. Katika 230 hizo, shilingi 35 tu ndizo zinazopunguza deni lenyewe mwaka wa kwanza. Nyingine zote ni riba. Na akimaliza kulipa atakuwa ametoa shilingi zipatazo 6,900, yaani zaidi ya mara mbili ya bei. Akikosa mwaka mmoja, deni linakua badala ya kupungua. Ukiwa na kalamu, jaribu mwenyewe hesabu ya mtu aliyekosa miaka mitatu ya mwanzo, nawe utaona kwa nini wazee wengi wa skimu walikuwa wakikunja uso waliposikia neno riba.

Sasa tazama safari ya fedha. Zilitoka London zikaja Nairobi. Zikalipwa kwa mlowezi, na walowezi wengi waliolipwa wakaondoka nazo, wengine wakirudi Uingereza, wengine wakienda Rhodesia, Afrika Kusini au Australia. Sehemu iliyokuwa mkopo ilibaki kuwa deni la Kenya kwa Uingereza. Kenya nayo ikaligawa deni hilo kwa wakulima. Mwisho wa mnyororo alisimama mtu wa Tongaren na jembe lake, akilima mahindi ili kulipa bei ya ardhi ambayo mwenye kulipwa aliipata kwa kura ya bahati nasibu, au aliinunua kwa mwenziwe aliyeipata hivyo. Ni kweli kwamba mlowezi alikuwa amejenga nyumba, amechimba visima, amepanda miti, na vitu hivyo vina thamani. Lakini udongo hakuuleta yeye.

Hata hivyo, msomaji, nisipotaja upande wa pili nitakuwa nimekudanganya. Walionunua walipata kitu ambacho skwota hakukijua. Walipanda miti ambayo huchukua miaka ishirini kukomaa, na hakuna apandaye mti wa namna hiyo katika ardhi ya mtu mwingine. Walijenga, wakazika wazee wao bila kuomba ruhusa ya bwana shamba, wakasomesha watoto kwa mahindi na maziwa. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, si mbali na hapo, ugawaji wa ardhi katika skimu ya Chebyuk ulioanza mwaka 1971 ulirudiwa na kubatilishwa mara kadhaa. Waliopewa walinyang'anywa, wengine wakapewa, na katika miaka ya 2006 hadi 2008 watu wengi waliuawa na kuteswa katika ugomvi uliotokana na vipande hivyo. Sidai kwamba deni liliiletea Tongaren amani. Nasema tu kwamba nambari ikikaa bila kubadilishwa kwa miaka mingi, watu hujenga maisha yao juu yake.

Wenye dhamana ya ardhi ya skimu walikuwa Wadhamini wa Hazina ya Makazi, chombo cha serikali kilichowekwa mwaka 1963. Maadamu deni halijalipwa, ardhi ilikuwa rehani mikononi mwao, na mkulima hakuruhusiwa kuuza wala kukatakata bila idhini yao. Huo ulikuwa mpango wa karatasi. Katika maisha, mtoto hufaulu mtihani mwezi ambao mahindi hayajakomaa, mama huugua, baba hufa na mazishi hudai ng'ombe wawili. Mkulima asiyeweza kuuza kwa uwazi aliuza kwa siri. Alimwita mnunuzi, jirani wawili na liguru wa kijiji, wakapima hatua, wakapanda mkonge mpakani, wakaandika katika ukurasa uliochanwa daftarini, mashahidi wakatia sahihi, chai ikanywewa. Mnunuzi akajenga. Katika rejista ya serikali hapakubadilika hata herufi moja.

Ni vyema uelewe sheria inasemaje juu ya mauzo ya namna hiyo, kwa sababu huenda siku moja ukawa mnunuzi au mwuzaji. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inataka kila uuzaji wa ardhi ya kilimo, na kila ukataji wake, uletwe mbele ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi ya mahali hapo. Maombi yapelekwe katika muda wa miezi sita tangu mapatano kufanyika. Bodi isipotoa idhini, mapatano ni batili. Mnunuzi anaweza kudai fedha zake zirudishwe kama deni la kawaida, lakini ardhi hapati. Sasa fikiri: mtu alilipa shilingi elfu chache miaka ya 1970, akajenga nyumba, akapanda migomba na kahawa, akazaa watoto tisa. Miaka arobaini baadaye watoto wa mwuzaji wanamletea shilingi zile zile elfu chache, wanamwambia chukua chako uondoke. Kwa herufi ya sheria wana hoja. Kwa moyo wa binadamu, je?

Majaji wetu wamesumbuka na jambo hili, na hawakulitatua kwa njia moja. Kwa muda mrefu mahakama zilifuata herufi: hakuna idhini, hakuna mauzo. Lakini mwaka 2014, na tena mwaka 2018, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba aliyepokea fedha na kumwingiza mnunuzi katika ardhi anaweza kuhesabiwa kuwa ameishika ardhi ile kwa amana ya mnunuzi huyo, na asitumie sheria kama silaha ya udanganyifu. Hoja ya amana inavutia. Ila inamlazimu mnunuzi kwenda mahakamani, kulipa wakili, na kungoja; na wengi wa watu ninaowaeleza hawana fedha za wakili.

Mauzo ya leo ni ya vipande vidogo. Shamba la skimu lililopimwa ili lilishe familia moja limegawanywa kwa wana, na wana wamewagawia wana wao, na kando ya barabara vimezuka vituo vya biashara ambako mtu hauzi ekari bali huuza pointi, yaani sehemu ya kumi ya ekari. Ploti ya futi 50 kwa 100 inatosha nyumba ya mabati, choo, na mistari michache ya sukuma wiki. Mnunuzi huenda ni mwalimu au muuguzi, au kijana wa Tongaren aliyefanya kazi Nairobi miaka kadhaa akaona heri ajenge nyumbani. Dalali humpeleka kuona, humsifia barabara na maji na umeme, na hutaka chake pande zote mbili. Wako madalali waaminifu. Wako pia wanaoonyesha ploti moja kwa wanunuzi watatu katika juma moja.

Mtu mwangalifu hafungui mkoba kabla ya kwenda katika ofisi ya usajili wa ardhi na kulipa ada ndogo ili apewe taarifa ya rejista. Taarifa hiyo humwonyesha mambo matatu: jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna rehani au zuio lo lote juu yake. Katika mashamba ya skimu, rehani ya Wadhamini wa Hazina huenda bado iko pale, kwa deni ambalo familia hata imelisahau. Baadaye huja mapatano ya maandishi, bodi, mpimaji, ushuru wa stempu, ambao kwa ardhi ya mashambani ni asilimia mbili ya thamani, na mwisho hati mpya. Tangu mwaka 2012 sheria inataka pia ridhaa ya mke au mume wa mwuzaji ikiwa ardhi ni makao ya ndoa. Kabla ya hapo mwanamke aliweza kulima shamba miaka thelathini, akalipa sehemu kubwa ya deni kwa maziwa aliyoyakamua mwenyewe, kisha akaamshwa na trekta la mnunuzi. Jina lake halikuwamo katika barua ya kukubali kipande. Skimu ziliandika wakuu wa familia, na mkuu wa familia aliaminiwa kuwa mwanamume.

Kati ya mambo matatu yaliyo katika taarifa ya rejista, lile la kwanza ndilo linalowashangaza wanunuzi wengi. Wanakuta jina la mtu aliyekufa. Ni yule yule wa foleni ya miaka ya 1960, aliyetia dole gumba. Yeye amezikwa nyuma ya nyumba zamani, na wanawe wamegawana ardhi kwa mdomo: huyu juu, huyu kando ya mto, huyu barabarani. Anayekuuzia ni yule wa barabarani, naye anaamini kwa moyo safi kwamba ardhi ni yake. Kwa Sheria ya Mirathi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, hana ruhusa ya kuuza hata hatua moja mpaka mahakama imteue msimamizi wa mali ya marehemu na kuthibitisha mgawanyo. Kazi hiyo huanza kwa barua ya chifu inayowataja warithi wote: mke wa kwanza, wa pili akiwapo, wana, na mabinti walioolewa pia, kwani sheria haiwabagui. Mara nyingi ugomvi huanzia pale penye majina ya mabinti.

Basi ndugu huahirisha. Mirathi ina gharama, mpimaji ana gharama, na mmoja wao yuko Kampala au Mombasa na hajapatikana kutia sahihi. Wakati huo nyumba zinaendelea kujengwa kando ya barabara, moja baada ya moja, zikiwa na madirisha ya vioo na rangi mpya, na katika rejista zote ziko katika shamba moja, chini ya nambari moja, kwa jina la mzee mmoja aliyemaliza kulipa deni lake, au aliyekufa akilipa.